Kwa nini mtu mwema hutii amri mbaya? Tujadili kwa mifano

#1 Kipanga

Habari za jioni wakuu.

Kuna jambo linanikereketa. Mahali ninapofanya kazi, bosi alimwambia kijana wa stoo asaini kitabu cha kupokelea mzigo kabla mzigo wenyewe haujafika. "Wewe saini, gari liko njiani." Kijana akasaini, nakala nyeupe na ya njano. Ni mwaminifu huyo, ukimzidishia mia mbili anakukimbilia barabarani akurudishie. Gari likaja, mzigo pungufu, na saini ni ya kwake. Nilipomuuliza ilikuwaje akanijibu, "Kaka, alikuwa amesimama hapa, na kalamu ameshanishikisha."

Hakutishwa wala hakuahidiwa kitu. Ndiyo maana nadai kwamba woga wa adhabu si sababu kubwa ya watu kutii amri mbaya. Sababu kubwa ni kwamba mkubwa yupo mbele yako na kila anachokuomba kinaonekana kidogo.

Hili lilishapimwa. Mwaka 1961 Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, aliweka tangazo gazetini mjini New Haven akitafuta watu wa kushiriki utafiti wa kumbukumbu. Malipo dola 4, na senti 50 za nauli. Mshiriki anapewa kazi ya "mwalimu". "Mwanafunzi" anafungwa mikanda kwenye kiti chumba cha pili, na kila akikosa jibu mwalimu anampiga shoti kwa mashine yenye swichi 30, kuanzia volti 15 hadi 450. Kumbe mwanafunzi ni mtu wao na shoti ni ya uongo. Pembeni yupo msimamizi mwenye koti la kijivu. Mwalimu akisita anaambiwa "tafadhali endelea", akizidi kusita anaambiwa "huna hiari nyingine, lazima uendelee".

Kati ya wanaume 40, walifika volti 450 wanaume 26. Hakuna aliyeacha kabla ya volti 300. Na kabla ya kuanza, Milgram aliwaomba wanafunzi 14 wa saikolojia wakadirie ni wangapi watafika mwisho. Aliyekadiria juu kuliko wote alisema 3%.

Naombeni mawazo. Kinachomfunga mtu pale ni nini hasa?

#2 Tumaini_Jr

Njaa mkuu. Kodi ya nyumba, ada ya watoto, halafu umkatalie bosi? Huyo kijana wa stoo angekataa leo, kesho angekuwa kijiweni. Hakuna cha saikolojia hapo.

#3 Kipanga

Tumaini, wale wa New Haven waliambiwa mapema kwamba pesa ni yao kwa kufika tu maabara, hata wakiacha katikati. Msimamizi hakuwa bosi wao, na wasingemwona tena. Njaa inaeleza stoo, nakubali. Maabara haielezi.

#4 Mwl. Chaki

Mimi naweka malezi mbele ya yote.

Mtoto wa kwetu anafundishwa tangu anaanza kutembea kwamba mkubwa hajibizwi. Shuleni tunampokea na "asiyesikia la mkuu huvunjika guu", na anaikariri kabla hajajua kuandika jina lake vizuri. Mtazameni kiranja. Natoka darasani, namwachia kipande cha karatasi aandike wapiga kelele. Nikirudi nakuta majina kumi na kitu, na la tatu ni la mdogo wake wa tumbo moja, ambaye anajua fika kwamba atachapwa. Sikumtisha. Angeweza kuliruka jina lile na nisingejua kamwe. Ameliandika kwa mwandiko mzuri kabisa, kaupigia na mstari.

Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi na kiranja aliyekataa kuandika majina simkumbuki hata mmoja. Mtoto huyo akikua, unatarajia amkatalie bosi mwenye kalamu?

#5 BintiUnguja

Mwalimu shikamoo. Nakuheshimu lakini hapo sikubaliani nawe.

Kama ni malezi yetu ya shikamoo na kuinamisha kichwa, mbona Wamarekani walifika 65%? Na Poland? Wapo watafiti kule waliorudia jaribio hili kwa watu 80, mashine ikiwa na vitufe 10, matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Waliokubali kubonyeza hadi cha mwisho ni 72. Hao wamezaliwa baada ya dunia kujua habari za Hitler, na wengi wamekulia kwenye uhuru.

Bibi yangu alimkatalia sheha mbele ya watu, sauti juu, kwa ajili ya mpaka wa shamba la jirani yake mjane. Na bibi huyo huyo ndiye aliyetufundisha kumwamkia kila mkubwa kwa kumshika mkono. Heshima na utii wa kipofu havikai lazima nyumba moja.

#6 Mwl. Chaki

Marahaba binti. Bibi yako alikuwa na umri gani siku hiyo? Kikongwe anaweza kumkatalia sheha. Naomba nione msichana wa miaka kumi na tisa akifanya hivyo.

#7 Afande_Mstaafu

Mwalimu kapiga pazuri, lakini kuna jambo ambalo raia hawalijui.

Utii wa jeshini haupiti kichwani. Kwata inaurudisha kwenye misuli. Ukisikia "nyuma geuka!" mguu umeshazunguka kabla hujafikiri. Wanaifanya makusudi, kwa sababu risasi zikilia hakuna muda wa kuitisha kikao. Tuliokwenda JKT tukiwa vijana wadogo tunajua: wiki za kwanza unatii kwa hasira, baadaye unatii na hujui tena kama unatii.

Lakini msituonee. Mafunzo hayo hayo yanasema amri inayotiiwa ni amri halali. Tangu kesi za Nuremberg za viongozi wa Hitler baada ya Vita Kuu ya Pili, askari anayesema "niliamriwa" bado anajibu kwa alichofanya, na Mkataba wa Roma wa mahakama ya kimataifa unatamka wazi kwamba amri ya kuua halaiki ni haramu waziwazi, huwezi kujificha nyuma yake. Shida ni kwamba kwata inarudiwa kila asubuhi, na somo la amri halali mnakaa darasani mara moja mmechoka mnasinzia.

#8 Tumaini_Jr

Afande, na wewe ulisinzia?

#9 Afande_Mstaafu

Nilikuwa mstari wa mbele dogo, huko huthubutu kusinzia. Endeleeni.

#10 Mzee_wa_Kaunta

Mnazungumzia Marekani, njooni kwenye kibanda changu. Mimi ni wakala wa pesa za simu.

Binti ninayemwachia kaunta alipigiwa simu mchana, foleni imejaa. Sauti nzito, imetulia. "Naongea na wakala namba fulani?" Akataja namba yetu sawasawa. "Hapa ni makao makuu, laini yako inafungwa kwa kuchelewa kuhakikiwa. Usikate simu." Kwanza akamwambia aandike namba ya kumbukumbu kwenye daftari. Akaandika. Akamwambia awaombe wateja wasubiri nje kidogo. Akawaomba. Akamwambia aingie kwenye menyu, asome salio kwa sauti. Akasoma. Kisha, "sasa tunafanya muamala wa majaribio, pesa itarudi palepale." Floti yote ikaondoka, na yule bwana bado yuko hewani anamwambia "vizuri sana dada, usikate."

Si mjinga yule binti. Tapeli wa ile meseji ya "tuma kwenye namba hii" anamcheka kila siku. Nilimuuliza alishtuka saa ngapi. Akasema alishtuka pale pale alipoambiwa asome salio, ila alishawatoa wateja nje, akaona aibu kurudi nyuma.

Tumaini, hakuna njaa hapo. Yule hakuwa bosi wake. Hakuwa mtu yeyote.

#11 Kipanga

Pole sana mzee. Hilo la kuwatoa wateja nje ndilo nililotaka kusema nilipoandika "kidogo". Mashine ya Milgram ilipanda volti 15 kwa 15. Ukishabonyeza 150, utasema nini kuhusu 165? Ukikataa 165 umekiri kwamba 150 lilikuwa kosa, na hilo ndilo gumu kulimeza.

Jerry Burger alilirudia jaribio hilo Marekani, akachapisha mwaka 2009, na alisimamisha kila mtu akifika 150, kwa sababu za maadili ya utafiti. Alichagua hapo kwa kuwa kwenye majaribio ya awali wengi waliovuka 150 walikwenda hadi mwisho. Kwake 70% walikuwa tayari kuendelea.

#12 BintiUnguja

Lakini Kipanga, kisa cha mzee kinavunja hoja yako ya kwanza. Ulisema mkubwa yupo mbele yako. Tapeli alikuwa kwenye simu. Na Milgram mwenyewe alipomtoa msimamizi chumbani akawa anaamrisha kwa simu, waliofika mwisho walishuka hadi karibu 20%. Wengine walimdanganya kwamba wanapandisha volti kumbe wanabonyeza swichi ya chini kabisa. Sasa simu inapunguza utii au inauongeza?

#13 NesiWaZamu

Nimesoma nikiwa zamu ya usiku, naomba nichangie hapo kwa BintiUnguja maana simu ndiyo kazi yetu.

Mwaka 1966 daktari wa magonjwa ya akili anaitwa Charles Hofling na wenzake walichapisha utafiti wa manesi 22 huko Marekani. Nesi yuko peke yake wodini, anapigiwa simu na daktari asiyemfahamu, anaambiwa ampe mgonjwa miligramu 20 za dawa inayoitwa Astroten. Chupa imeandikwa wazi kwamba mwisho kwa siku ni miligramu 10. Amri za dawa kwa simu zilikuwa haziruhusiwi, na dawa yenyewe haikuwa kwenye orodha ya wodi. Manesi 21 walikwenda kuitoa, wakazuiwa njiani. Ilikuwa ni sukari tu. Cha kuumiza zaidi: manesi wengine 12 waliulizwa kwenye karatasi wangefanyaje, na 10 walisema wasingetoa.

Mimi sishangai. Saa nane usiku, wagonjwa wodi nzima, wewe na mhudumu mmoja. Daktari anapiga, ana haraka, nyuma yake unasikia kelele za gari. Anakwambia mpe fulani dawa fulani, anakata. Ukimpigia tena kuuliza dozi, hapokei, au anapokea na kukuuliza ulisomea wapi. Niliwahi kuulizwa hivyo. Nilikaa na sindano mkononi, nikaenda kumwamsha dada mkubwa wa wodi ya jirani. Tulisoma kitabu cha dawa pamoja kwa tochi ya simu, na hatukutoa.

Kwa hiyo jibu langu kwa simu ni hili: msimamizi wa Milgram alipoondoka chumbani, mshiriki alibaki na nafasi ya kupumua. Tapeli wa mzee hakutoa nafasi hiyo, ndiyo maana alikuwa anarudia "usikate".

#14 Mzee_wa_Kaunta

Nesi umenena. "Usikate" niliiona kama adabu ya mazungumzo, kumbe ndiyo kamba yenyewe.

#15 Kivu_Ziwa

Nesi asante, ila utafiti wako una mwenzake ambao husahauliwa. Mwaka 1977 Rank na Jacobson waliurudia na kubadilisha mambo machache: dawa ikawa Valium ambayo manesi wanaijua, daktari akawa anayefahamika, na nesi akaruhusiwa kuongea na wenzake. Kati ya 18, waliokuwa tayari kutoa ni 2 tu. Manesi vilevile, taaluma ileile. Kwa hiyo naona ujuzi na mwenzio wa kushauriana naye vina nguvu kuliko koti la daktari, na kile kitabu chenu cha dawa na dada wa wodi ya jirani vinaingia hapo hapo.

#16 Tumaini_Jr

Mmesahau utafiti wa gereza la kuigiza la Chuo Kikuu cha Stanford, wa mwanasaikolojia Zimbardo. Walinzi waliamriwa watese wafungwa na wakatesa. Ni kitu kilekile.

#17 Kivu_Ziwa

Hapana Tumaini, usichanganye. Ule wa Agosti 1971 ulikuwa wa kugawana majukumu ya ulinzi na ufungwa, haukuwa wa kupima amri hatua kwa hatua. Ulipangwa wiki mbili ukavunjwa baada ya siku sita. Na kumbukumbu zilizochapishwa miaka ya karibuni zinaonyesha walinzi walielekezwa mapema namna ya kuwa wakali, kwa hiyo kama ushahidi umelegea sana. Siku hizi hata vitabu vya chuo vinautaja kwa tahadhari.

#18 Mpinzani_Rasmi

Na wa Milgram je, nao haujalegea? Mbona mnauchukua kama Msahafu?

Gina Perry, mwandishi wa Australia, alisikiliza kanda za majaribio yale na kuwatafuta washiriki. Alikuta msimamizi hakuishia kwenye zile sentensi nne alizopewa, aliwabembeleza na kuwabana watu kupita maandishi. Na washiriki wengi walisema walishuku kwamba shoti si za kweli. Mimi ningeshuku pia. Chuo kikubwa kama Yale kiniache niue mtu kwa dola 4? Ningebonyeza swichi zote 30 nikijua yule bwana kule anakunywa chai.

#19 Kipanga

Wapo walioshuku, kweli. Lakini soma maelezo ya 1963: watu wanatokwa jasho, wanatetemeka, wanang'ata midomo, 14 kati ya 40 wanashikwa na kicheko cha wasiwasi wasichoweza kukizuia. Nani anatetemeka hivyo kwa ajili ya maigizo?

Na wapo waliofanya kwa shoti ya kweli. Sheridan na King, mwaka 1972, walitumia mtoto wa mbwa, mshiriki anamwona kwa macho yake anaruka na kulia. Kati ya 26, waliofika mwisho ni 20. Wanawake walikuwa 13 na wote walifika, baadhi yao wakilia machozi. Sifurahii kabisa kwamba jaribio hilo lilifanyika. Ila linajibu swali lako.

#20 Mpinzani_Rasmi

Linajibu nusu. Wanalia na wanaendelea. Huyo si mtu aliyezimika akili akawa chombo cha mkubwa, kama Milgram alivyoeleza. Mtu aliyekabidhi dhamiri yake kwa mwingine halii.

Ndiyo maana mimi nawaelewa zaidi wanasaikolojia Alex Haslam na Stephen Reicher. Wao wanasema hatutii kipofu, tunashirikiana na yule tunayemwamini na lengo tunaloliona jema. Pale Yale lengo ni sayansi. Na kuna kitu kitamu kwenye marudio ya Burger: ile sentensi ya nne, "huna hiari nyingine, lazima uendelee", ndiyo pekee iliyo amri tupu, na kila ilipotamkwa mshiriki aligoma. Iliyofanya kazi ni "jaribio linahitaji uendelee". Watu walikuwa wanalitumikia jaribio. Wakiamrishwa waziwazi, wanakataa.

#21 Afande_Mstaafu

Hiyo ya sentensi ya nne sikuijua, na inanifikirisha. Hata kikosini kamanda mzuri hapayuki. Anakwambia "kikosi kinakutegemea".

#22 BintiUnguja

Inafikirisha, lakini sentensi ya nne inakuja mwisho, anaambiwa yule aliyeshakataa mara tatu. Huyo alikuwa anagoma tayari. Huwezi kujua kama kilichomgomesha ni maneno yale au ni mkaidi tangu mwanzo.

#23 Fundi_Mbawa

Nipo kwenye fani ya ndege, naleta kesi ambayo kila anayesomea kazi hii anaikuta.

Tenerife, visiwa vya Canary, 27 Machi 1977. Bomu lililipuka uwanja wa Las Palmas, ndege zikaelekezwa Los Rodeos, uwanja mdogo, ukungu umeshuka. Ndege mbili aina ya 747, moja ya KLM na moja ya Pan Am, ziko kwenye njia moja ya kurukia. Kapteni wa KLM alikuwa mkuu wa mafunzo ya 747 kwenye shirika lake, na rubani msaidizi aliyekaa kushoto kwa... samahani, kulia kwake alikuwa amepimwa na huyo huyo kapteni. Kapteni akasukuma vishikio vya nguvu. Msaidizi akasema bado hatujapewa ruhusa. Kapteni akaisimamisha ndege. Wakapewa maelekezo ya njia ya kufuata hewani, ambayo si ruhusa ya kuruka, kapteni akaondoka. Mhandisi wa ndege aliyekaa nyuma akauliza kama yule wa Pan Am ameshatoka njiani. Kapteni akajibu kwa mkazo kwamba ndiyo. Mhandisi akanyamaza. Watu 583 walikufa.

Nisikilizeni vizuri: hakuna aliyemwamrisha mhandisi anyamaze. Aliuliza swali sahihi, wakati sahihi, akajibiwa na mtu mkubwa kuliko yeye, basi.

Baada ya ajali hiyo na nyingine za namna yake, mafunzo ya ndani ya chumba cha marubani yalibadilika dunia nzima. Mdogo anafundishwa kupinga kwa hatua: unauliza, husikilizwi unasema wasiwasi wako wazi, husikilizwi unatamka neno la kusimamisha. Na kapteni anafundishwa kupokea. Hiyo nusu ya pili ndiyo ngumu.

#24 Kivu_Ziwa

Fundi asante kwa kisa, ila tusimbebeshe kapteni yote. Kulikuwa na ukungu, mawasiliano ya redio yaligongana sekunde ileile ambayo Pan Am walisema bado wako njiani, na wafanyakazi wa KLM walikuwa wanakaribia kikomo cha saa za kazi. Woga wa cheo ni sehemu mojawapo tu.

#25 Fundi_Mbawa

Sijambebesha yote. Ukungu huwezi kuufundisha. Mhandisi unaweza.

#26 Ngara_Kwetu

Nimekaa kimya muda mrefu kwenye uzi huu. Naomba hapa tusiweke utani.

Nimekulia Ngara, mpakani na Rwanda. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari huko Rwanda, watu walivuka daraja la Rusumo hadi barabara haionekani, kambi ya Benaco ikajaa. Wengine walikuwa wamekimbia kuuawa, wengine walikuwa wameua, na sisi watoto hatukuweza kuwatofautisha. Swali la Kipanga nimeishi nalo.

Watu husema Wanyarwanda waliua kwa sababu wamezoea kutii serikali, kuanzia nyumba kumi hadi juu. Kuna ukweli. Mkoa wa Butare ulikuwa na mkuu wa mkoa Mtutsi, Jean-Baptiste Habyarimana, pekee nchini, na alikataa mauaji. Sehemu kubwa ya mkoa ilibaki tulivu kuliko mingine. Tarehe 17 Aprili ikatangazwa redioni kwamba ameondolewa. Tarehe 19 rais wa muda, Sindikubwabo, akaja akahutubia kwamba watu "wafanye kazi". Baada ya hapo Butare iliungua kama kwingine. Mkuu yule naye aliuawa.

Ukiangalia hivyo, amri ndiyo kila kitu. Lakini Scott Straus, mtafiti aliyewahoji wafungwa 210 waliokiri kuua, anaeleza kwamba wengi walitaja vita, hofu, na zaidi sana shinikizo la wenzao: kundi linapita nyumba kwa nyumba, usipotoka wewe unakuwa msaliti. Jirani mwenye panga mlangoni alikuwa karibu kuliko redio.

#27 Kivu_Ziwa

Pole ndugu yangu, na asante.

Niongeze tu, Butare haikuwa tulivu yote. Komini (sehemu ya mkoa) ya Nyakizu ilianza mauaji kabla mkuu wa mkoa hajaondolewa, kwa sababu kiongozi wa komini ile alikuwa upande wa wauaji. Na kule Byumba, komini ya Giti, kiongozi wake alizuia na mauaji hayakutokea. Wengine wanasema ni yeye, wengine wanasema ni kwa sababu majeshi ya RPF, waasi waliokuwa wanapigana na serikali ile, yalifika mapema.

#28 Ngara_Kwetu

Nyakizu ni kweli. Inathibitisha kwamba mkuu wa karibu anamshinda wa mbali.

#29 Mvita_Mji

Salamu kutoka pwani ya Kenya. Nyote mnasema mkubwa, mkubwa. Je, anayetii kwa furaha? Shakahola, kule Kilifi, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa dhehebu moja, wengi wao wakiwa wamefunga kula. Kesi ilifika mahakamani na mwaka 2024 washtakiwa walikana, kwa hiyo simsemi mtu. Ninachosema ni kwamba familia zilizopoteza ndugu zinasimulia mtu aliyeuza kila kitu, akaacha kazi, akahama mwenyewe kwenda msituni. Kalamu hakushikishwa, aliifuata. Hapo mmeeleza kwa volti?

#30 Mpinzani_Rasmi

Mvita, ndiyo maana nilisema lengo. Ukiamini ni njia ya peponi, hakuna anayehitaji kukusukuma.

#31 NesiWaZamu

Na watoto waliokuwa mle? Wao hawakuamini kitu, waliwatii wazazi. Tusifanye kana kwamba kila mmoja alichagua.

#32 Mwl. Chaki

Nesi amenirudisha kwenye malezi, ashukuriwe.

#33 Tumaini_Jr

Mwalimu hachoki! Haya, nami nimekubali njaa si yote. Lakini swali ambalo hamjaligusa: wale 14 wa jaribio la kwanza waliokataa walikuwa na nini? Tukijua hicho ndicho cha kuwafundisha watoto.

#34 Kipanga

Swali zuri. Kwanza, mazingira. Milgram alipoweka "walimu" wenza wawili, watu wake, wakagoma mmoja baada ya mwingine, waliofika mwisho walibaki 10%. Alipoweka wasimamizi wawili wanaobishana, mmoja anasema endelea na mwingine acha, hakuna aliyefika mwisho. Kwa hiyo mwenzio mmoja akisema "mimi sifanyi", umepata pa kusimama. Mahali petu sasa tumekubaliana stoo wasaini wawili.

Pili, watu wenyewe. Kwenye kitabu chake cha 1974 Milgram anamtaja mhandisi mmoja kutoka Uholanzi, aliyekuwa huko enzi za vita. Alipoambiwa hana hiari, akajibu kwamba anayo, akaacha kwenye volti 255. Na mwanamke aliyekulia Ujerumani ya Hitler aliacha kwenye 210, kwa utulivu kabisa, kama mtu anayekataa kuongezewa chai. Wote wawili walishaona amri zinakompeleka mtu.

#35 Ngara_Kwetu

Kipanga, hapo punguza mwendo. Ujerumani ileile ilimtoa Eichmann, afisa wa Hitler aliyesimamia kusafirisha Wayahudi kwenda kuuawa, aliyekuwa kizimbani Jerusalem mwaka huo huo wa 1961 akisema alitii tu. Kuona mabaya hakumfanyi mtu agome. Kule kambini Benaco nimeona walioona yote, na viongozi wao walipowaambia wasirudi nyumbani, walibaki.

#36 BintiUnguja

Naongezea kwa Ngara. Kusaini wawili kunasaidia kama yule wa pili hayuko chini ya bosi huyo huyo. Milgram alipomweka mshiriki kando, mwenzake ndiye anayebonyeza na yeye anasoma maswali tu, waliokaa hadi mwisho walikuwa 37 kati ya 40. Mwenzio anaweza kukupa pa kusimama, au akakupa pa kujificha.

#37 Mzee_wa_Kaunta

Basi nami nina swali kwa Fundi na Nesi. Hayo maneno ya kusimamisha mnayofundishwa, mnayatamkaje kwa mtu mwenye sauti nzito na haraka? Nataka nimbandikie binti ukutani hapa kaunta, kwa herufi kubwa.

#38 NesiWaZamu

Sisi tunasema: "Narudia ulichoagiza, naandika, na nitakupigia mimi." Halafu unakata.